Ofisi ya Umma na Kura ya Maamuzi: Tudor, Mombasa, 1963–2022

Kura ya maamuzi haina mgombea. Katika uchaguzi wa ubunge, afisa wa serikali anayempigia debe mtu fulani huonekana waziwazi, kwa sababu yuko anayependelewa na yuko anayedhulumiwa. Katika kura ya maamuzi kinachogombaniwa ni maandishi, na afisa anaweza kudai kwamba hapigi debe bali anawaeleza wananchi kazi ya serikali. Kwa kupitia mwanya huo, ofisi za umma nchini Kenya zimejitosa katika kampeni za katiba tangu 2005, baadhi zikiunga mkono na baadhi zikipinga, na gharama imebebwa na mlipa kodi yuleyule.

Tudor ni mtaa ulioko kaskazini-magharibi mwa kisiwa cha Mombasa, kando ya mkono wa bahari unaoitwa kwa jina hilohilo. Ni wadi mojawapo ya eneo bunge la Mvita, pamoja na Mji wa Kale/Makadara, Tononoka, Majengo na Shimanzi/Ganjoni. Ndani yake mna nyumba za mtaa uliopangwa, mna Moroto ambako wakaazi wameishi miaka mingi bila hatimiliki, na mna chuo kikubwa kando ya Barabara ya Tom Mboya kilichoanzia kwenye Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, MIOME, na ambacho tangu 2013 kinaitwa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Ardhi, dini na elimu, mambo matatu yaliyotawala mjadala wa katiba Pwani, yote yamo katika mtaa huu mmoja.

Suala kubwa kuliko yote la kikatiba katika historia ya Pwani halikupigiwa kura. Ukanda wa maili kumi ulikuwa mali ya Sultani wa Zanzibar, ukisimamiwa na Waingereza chini ya mkataba wa 1895. Uhuru ulipokaribia, wafuasi wa vuguvugu la Mwambao walitaka ukanda huo ujitenge, na wengine walitaka uungane na Kenya. Serikali ya Uingereza ilimtuma Sir James Robertson, naye katika ripoti yake ya 1961 akapendekeza muungano. Mkataba wa mwisho ulitiwa saini Oktoba 1963. Serikali ya Jomo Kenyatta iliahidi kulinda uhuru wa Waislamu kuabudu pamoja na mahakama za Kadhi. Wakaazi wa kisiwani walikuwa wamepiga kura za kuchagua wabunge, lakini swali lenyewe la ukanda halikuwekwa mbele yao kwenye sanduku.

Kwa miaka zaidi ya arubaini baadaye, katiba ilirekebishwa bungeni peke yake. Walioisimamia siasa mtaani walikuwa watumishi wa utawala wa mikoa: chifu na naibu wake, mkuu wa tarafa, mkuu wa wilaya, na juu yao mkuu wa mkoa aliyewajibika kwa ofisi ya rais. Katika uchaguzi wa mlolongo wa 1988, wakuu wa wilaya ndio waliosimamia zoezi na kutangaza washindi. Mkutano wa hadhara ulihitaji leseni, na leseni ilitoka kwa mkuu wa wilaya. Aliyeipinga serikali alinyimwa, na aliyeiunga mkono hakuwa na haja ya kuiomba, kwani baraza la chifu lilikuwa tayari ni jukwaa lake. Mageuzi ya 1997, yaliyokubaliwa na wabunge wa pande zote chini ya mpango wa IPPG, yaliondoa leseni hizo na kupunguza mamlaka ya machifu. Mazoea hayakuondoka na sheria. Wakati wanaharakati na makanisa walipodai kwamba katiba iandikwe na wananchi na si na bunge, mbunge wa Mvita wa siku hizo, Shariff Nassir, aliyekuwa waziri na kigogo wa KANU, alijibu kwamba kazi ingefanywa na bunge “wapende wasipende”. Maneno hayo mawili yalienea nchi nzima, kwa sababu yalisema wazi jinsi wenye ofisi walivyowaona wasio na ofisi.

Kura ya maamuzi ya kwanza ya Kenya ilipigwa tarehe 21 Novemba 2005. Rasimu iliyopitishwa na mkutano wa Bomas mnamo Machi 2004, chini ya uenyekiti wa Profesa Yash Pal Ghai, ilikuwa imefanyiwa mabadiliko na wanasiasa wa serikali na bunge, kisha ikachapishwa na Mwanasheria Mkuu Amos Wako mnamo Agosti 2005. Tume ya Uchaguzi, ECK, chini ya Samuel Kivuitu, ilitoa alama mbili: ndizi kwa wanaokubali na chungwa kwa wanaokataa. Baraza la mawaziri likagawanyika katikati. Rais Mwai Kibaki aliongoza ndizi, ilhali Raila Odinga, waziri wa barabara, na Kalonzo Musyoka, waziri wa mazingira, waliongoza chungwa bila kujiuzulu.

Wapiga kura wa Tudor waliuona mgawanyiko huo nyumbani. Mbunge wao, Najib Balala, alikuwa waziri wa turathi za kitaifa na wakati huohuo mmoja wa vinara wa chungwa. Mwenzake wa Matuga, Chirau Ali Mwakwere, waziri wa mambo ya nje, alikuwa upande wa serikali. Hali hii haikuwahi kuonekana Kenya: mawaziri wa serikali moja, kila mmoja na gari lenye bendera, dereva na mlinzi wa kulipwa na serikali, wakihutubia mikutano inayopingana siku moja.

Gari la serikali lenye nambari za GK lina maana yake mtaani. Nambari zake zinamwambia kila mtu kwamba petroli imelipiwa na hazina ya serikali na kwamba dereva yuko kazini. Linapoegeshwa nyuma ya jukwaa la kampeni, ujumbe humfikia mwenye kibanda na mwenye kuomba kazi bandarini kabla mzungumzaji hajafungua kinywa: serikali iko hapa, na serikali inaona. Kwa sababu hiyo lita za mafuta si kipimo cha kutosha cha madhara. Hofu na tamaa zinazoletwa na alama ya dola ndizo humyumbisha mpiga kura, na hizo hazionekani kwenye hesabu yoyote ya mkaguzi.

Upande wa ndizi ulikuwa na zana ambazo chungwa halikuwa nazo, kwani rais aliweza kutoa. Mnamo Septemba 2005, Hifadhi ya Taifa ya Amboseli iliondolewa mikononi mwa serikali kuu ikakabidhiwa baraza la wilaya ya Kajiado. Hatimiliki ziligawiwa watu waliokuwa wakiishi katika msitu wa Mau, na wilaya mpya zikatangazwa. Katika eneo kama Moroto, ambako karatasi ya ardhi ndiyo ndoto ya kila familia, habari za hatimiliki za Mau zilieleweka bila kufafanuliwa. Upande wa chungwa nao haukuwa safi. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, iliyoongozwa na Maina Kiai, ilifuatilia kampeni hizo na baadaye ikatoa ripoti iliyolaumu pande zote mbili kwa udanganyifu, maneno ya chuki na ufujaji wa mali ya umma. Mlipa kodi wa Tudor aligharimia kampeni mbili kwa pamoja, ile aliyoikubali na ile aliyoikataa.

Rasimu iliangushwa: asilimia 58 walikataa na 42 wakakubali. Pwani ilikataa kwa wingi mkubwa zaidi. Mahakama za Kadhi zilichangia, kwani rasimu ya Wako ilizichanganya na mahakama za dini nyinginezo ambazo hakuna aliyeziomba, na wengi Pwani waliona ahadi ya 1963 inapunguzwa thamani. Siku mbili baada ya kura, Kibaki alivunja baraza zima la mawaziri, na lilipoundwa upya Desemba vinara wa chungwa hawakurudishwa. Hivyo waliadhibiwa kwa kukosa utiifu. Kwa kutumia mali ya umma kwenye kampeni, upande wowote ule, hakuna waziri aliyeadhibiwa.

Kura ya pili, tarehe 4 Agosti 2010, ilikuja baada ya ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008, na mara hii Rais Kibaki na Raila Odinga, wakati huo waziri mkuu, walikuwa upande mmoja, wa kijani. Upinzani, wa rangi nyekundu, uliongozwa na makanisa mengi pamoja na William Ruto, aliyekuwa amehamishiwa wizara ya elimu ya juu mnamo Aprili mwaka huo. Waziri mwenye dhamana ya chuo cha Tudor, wakati huo kikiitwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Mombasa Polytechnic, ndiye aliyekuwa sauti kuu ya kuipinga katiba ambayo serikali yake iliitaka. Alibaki wizarani kampeni nzima.

Tukio zito kuliko yote la mwaka huo halikutokea jukwaani. Mnamo Mei iligunduliwa kwamba nakala za rasimu zilizotoka kwa Mpiga Chapa wa Serikali zilikuwa na maneno ya ziada kuhusu usalama wa taifa, yaliyopenyezwa katika kifungu kinachoeleza ni lini haki za raia zinaweza kuwekewa mipaka. Bunge halikuwa limepitisha maneno hayo. Amos Wako aliyakana na nakala zikasahihishwa. Hapa ofisi ya umma ilikuwa imetumiwa kubadilisha kitu chenyewe kinachopigiwa kura, na hilo ni baya kuliko hotuba elfu. Katiba ilipita kwa takriban asilimia 67, Pwani ikiwa miongoni mwa maeneo yaliyoiunga mkono kwa nguvu, na ikaanza kutumika tarehe 27 Agosti 2010 ikiwa na mahakama za Kadhi ndani yake.

Nchi nyingine zilikuwa zimelikabili tatizo hili mapema zaidi. Huko California, Marekani, mkurugenzi wa idara ya bustani za jimbo alitumia fedha za idara kuhimiza wapiga kura wakubali mkopo wa 1974. Mlipa kodi mmoja akashtaki, na mwaka 1976 mahakama ya juu ya jimbo hilo ikaamua kwamba ofisi ya umma inaweza kutoa maelezo ya haki yasiyoegemea upande, lakini haiwezi kutumia fedha za wote kuwashawishi baadhi. Huko Ireland, Patricia McKenna alipinga serikali kutumia fedha za umma kuhimiza kura ya kuruhusu talaka, na Novemba 1995 mahakama ya juu ikamkubalia, siku chache tu kabla ya kura. Hoja ya mahakama zote mbili ni sahihi: raia anayekataa ana haki sawa juu ya hazina kama anayekubali.

Katiba ya 2010 ilileta jambo jipya Kenya. Kifungu cha 257 kinaruhusu wananchi wenyewe kuanzisha marekebisho kwa sahihi milioni moja za wapiga kura, kisha mswada upelekwe kwa mabunge ya kaunti, ambapo angalau 24 kati ya 47 lazima yaukubali. Njia hiyo ilikusudiwa watu wasio na ofisi. Walioitumia kwanza kwa nguvu walikuwa wenye ofisi. Mwaka 2014 magavana walianzisha Pesa Mashinani ili kaunti ziongezewe fedha, na muungano wa upinzani, CORD, ukaanzisha Okoa Kenya. Serikali kuu ilizipinga zote mbili. Mnamo Machi 2016 tume ya uchaguzi ya wakati huo, IEBC, iliikataa Okoa Kenya kwa sababu sahihi halali hazikufika milioni moja.

Punguza Mizigo, iliyoongozwa na Ekuru Aukot, ilifika mbali zaidi. Julai 2019 IEBC ilithibitisha kwamba ilikuwa na sahihi za kutosha. Mswada ulitaka kupunguza wabunge na maseneta kutoka 416 hadi 147 na kuongeza mgao wa fedha za kaunti hadi asilimia 35. Mabunge mengi ya kaunti yaliukataa, na 24 hayakupatikana. Wananchi zaidi ya milioni moja waliutia sahihi, na wawakilishi wadi wakauzima kabla haujafika kwa mpiga kura wa Tudor.

Mpango wa BBI (Building Bridges Initiative) uliofuata ulipata mapokezi tofauti kabisa. Ulizaliwa na maridhiano ya Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga ya tarehe 9 Machi 2018, ukaandikwa na kamati zilizoteuliwa kwa tangazo la gazeti rasmi la serikali, na tarehe 25 Januari 2020 ukaletwa Mombasa, uwanja wa Mama Ngina, ambako Gavana Hassan Joho alikuwa mwenyeji. Sahihi milioni 4.4 zilisemekana kukusanywa katika muda mfupi, huku kukiwa na malalamiko kwamba machifu walishurutishwa kuzitafuta. Februari 2021, mswada ukiwa mezani mwa mabunge ya kaunti, wawakilishi wadi waliidhinishiwa ruzuku ya gari ya shilingi milioni 2 kila mmoja. Mabunge zaidi ya 40 yaliupitisha. Upande wa pili, Ruto, wakati huo akiwa naibu wa rais, aliupinga akiwa bado na ulinzi na ofisi ya serikali.

Tarehe 13 Mei 2021 Mahakama Kuu, majaji watano, iliuharamisha mpango huo. Tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba rais hawezi kuanzisha marekebisho kupitia njia ya wananchi. Uamuzi huo ulifunga mlango mmoja tu. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inakataza mali ya umma kutumika katika kampeni za uchaguzi au za kura ya maamuzi, lakini BBI ilionyesha kwamba kazi kubwa hufanyika kabla kampeni hazijatangazwa, kwenye ukusanyaji wa sahihi na kwenye vikao vya kaunti. Huko ndiko sheria inakohitaji kufika. Tangu Agosti 2010 Wakenya hawajaitwa tena kupiga kura ya maamuzi, na kwa hiyo katazo la 2016 halijawahi kutumika katika kampeni ya aina hiyo hata mara moja.