Damu ya Mama na Damu ya Mtoto

Tangu zamani wako akina mama waliozaa mtoto wa kwanza akiwa mzima, kisha waliomfuata wakageuka manjano na kufa ndani ya siku chache. Majirani walinong'ona, ukoo ukatafuta mchawi, na mke akabeba lawama. Sisi wa Kisangani minong'ono hiyo si migeni kwetu. Yafaa basi tujue jinsi ukweli ulivyopatikana.

Mwaka 1901 Karl Landsteiner, huko Vienna, alionyesha kwamba damu za wanadamu zina makundi. Mwaka 1940 yeye na Alexander Wiener walieleza alama nyingine ya damu, iitwayo Rhesus. Mama asiye na alama hiyo aweza kuchukua mimba ya mtoto aliyeirithi kwa baba. Wakati wa kuzaa, damu ya mtoto hupenya katika damu ya mama, na mwili wa mama hujiwekea kinga dhidi yake. Mimba ifuatayo, kinga hiyo huvunja damu ya mtoto. Umanjano ukizidi, huharibu ubongo.

Mwaka 1946, kule Boston, Louis Diamond alianza kupitisha mrija mwembamba katika mshipa wa kitovu, njia ile ile iliyomlisha mtoto tumboni. Alitoa damu kidogo kidogo na kurudisha nyingine inayofaa, hadi sehemu kubwa ikawa imebadilishwa. Mwaka 1956 muuguzi Jean Ward, nchini Uingereza, aligundua kwamba mwanga wa jua hupunguza umanjano. Ndipo zikaja taa za kutibia. Tangu 1968 ipo sindano ya kumkinga mama mapema.

Kwetu Afrika ya Kati wasio na Rhesus ni wachache kuliko Ulaya. Lakini ndiyo sababu damu yao ni adimu inapohitajika. Mama wa kundi O mwenye mtoto wa A au B ni jambo la kawaida zaidi, ingawa kwa kawaida madhara yake ni hafifu.

Tiba hiyo haifanyiki bila damu, na damu haitengenezwi kiwandani. Mara nyingi tunamngoja ndugu akimbie kumtafuta mtoaji, huku mtoto akizidi kufifia. Tutoe kabla ya kuombwa. Kila mama mjamzito apimwe kundi lake mapema. Na aliyefiwa na watoto tumfariji, tusimhukumu: hakuna aliyejichagulia damu yake.