Mwangaza Usiotulia na Maumivu ya Kichwa

Siku hizi katika Butembo na Beni watu wengi hulalamika juu ya simu zao. Si juu ya bei tu, wala si juu ya mtandao unaokatika mvua ikinyesha. Husema: nikisoma kwa simu usiku nusu saa tu, kichwa chaniuma, macho yawasha, pengine naona kisunzi na kichefuchefu, nami sikunywa kitu. Mwingine husema simu yake ya zamani haikumsumbua hata kidogo, lakini tangu alipopata simu mpya ya bei kubwa hana raha. Jirani zake humcheka. Humwambia kwamba ni mawazo tu, au ni uchovu, au ni uzee unaobisha hodi, afadhali atafute miwani.

Sisi hatucheki. Malalamiko hayo yana historia ipitayo miaka mia, na katika historia hiyo mara nyingi wenye kucheka ndio walioshindwa. Yafaa tuieleze, maana pasipo kuijua mtu hajui atende nini na simu yake, tena hawezi kupambanua kichwa kinachoumizwa na simu na kichwa kinachoumizwa na malaria. Huku kwetu jambo hili la pili si dogo.

Kwanza tufahamu ubaya wenyewe ni upi. Watoto wetu hupenda kuchukua kijinga cha moto usiku na kukizungusha kwa mkono. Tazama: huoni tena kijinga, waona pete nzima ya moto. Jicho limedanganyika, kwa sababu moto umepita upesi kuliko lilivyoweza kuufuata. Vivyo hivyo kuna mwangaza unaowaka na kuzimika mara nyingi sana katika sekunde moja, hata mtu akadhani unawaka daima. Mwangaza wa jua haufanyi hivyo. Koroboi ya mafuta huyumbayumba, lakini moto wake hauzimiki kabisa. Mwangaza wa kuwaka na kuzimika kwa hesabu, pasipo kupumzika, umeingia katika maisha ya watu kwa mlango wa umeme.

Mwaka 1895 huko Niagara, Marekani, mafundi walianza kutumia maporomoko ya maji kupata umeme mwingi. Umeme huo waliupanga uwe na mizunguko 25 kwa sekunde. Kwa viwanda ulifaa. Kwa taa haukufaa sana, kwa kuwa watu waliziona taa zao zikichezacheza. Baadaye nchi nyingi zilichagua 50 au 60. Kwetu Kongo ni 50, na kwa kuwa kila mzunguko husukuma mara mbili, taa hupata nguvu mara 100 kwa sekunde. Taa ya zamani yenye waya ndani haikuleta shida kubwa. Waya ukiisha kupata moto haupoi mara moja. Ni kama figa la jikoni, ambalo hubaki na joto hata ukuni ukiondolewa.

Sinema nayo ilianza na taabu hiyo hiyo. Ndugu wawili Lumière walionyesha filamu zao kwa watu waliolipa kiingilio, mjini Paris, tarehe 28 Desemba 1895. Picha zilikuwa 16 hivi kwa sekunde, na kati ya picha na picha palikuwa na giza, nalo macho yaliliona. Mafundi waliokuja nyuma walitafuta dawa. Hawakuongeza picha, maana filamu ilikuwa ghali. Walitengeneza kizibo chenye mapanga matatu, kikaukata mwangaza mara tatu juu ya kila picha, hata 16 zikawa 48. Msomaji aliangalie vizuri jambo hili: hawakuliondoa giza, waliligawanya na kulipitisha upesi zaidi. Tutaiona tena dawa hiyo mbele.

Halafu zikaja taa ndefu za mrija, ambazo zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1938. Wengi tunazijua kwa ofisi, maduka na hospitali. Zilipendwa kwa kuwa zinatoa mwangaza mwingi kwa umeme kidogo. Lakini mrija hautunzi mwangaza kama ule waya wa moto: umeme ukishuka, mwangaza nao hushuka sana, kisha hupanda tena, mara 100 kwa sekunde, mchana kutwa. Makarani walilalamika juu ya vichwa vyao. Walijibiwa kwamba hakuna jicho liwezalo kuona mapigo 100 kwa sekunde, na kwa hiyo hapana neno. Jibu hilo lilionekana kuwa la elimu. Kumbe lilikuwa na kasoro: mtu anaweza kuumizwa na kitu asichokiona.

Aliyelionyesha jambo hilo wazi ni mtaalamu wa Uingereza, Arnold Wilkins, pamoja na wenzake, katika uchunguzi waliouchapisha mwaka 1989. Walitwaa ofisi za kazi zenye taa za mrija. Kwa muda fulani taa ziliendeshwa na kifaa cha zamani, chenye mapigo 100. Kwa muda mwingine ziliendeshwa na kifaa kipya cha elektroniki, chenye mapigo elfu 32 hivi kwa sekunde, na kule kupanda na kushuka kwa mwangaza kukapungua mno. Si wafanyakazi, wala wale waliokusanya majibu yao, walioambiwa ni taa zipi zinawaka. Kila juma waliandika kama kichwa kimeuma au macho yamechoka. Hesabu ilipokwisha, maumivu ya kichwa na ya macho chini ya taa mpya yalikuwa yamepungua kupita nusu. Tena wale waliofanya kazi katika ghorofa za juu, ambako mwangaza wa jua huingia zaidi, waliumwa kichwa kidogo kuliko wa chini. Na jambo moja latupendeza sana: watu hao, wasiojua lolote, waliacha zile taa mpya ziwake muda mrefu zaidi kuliko zile za zamani.

Mwaka 1991 wataalamu wa Marekani walipima ule umeme mdogo unaotoka katika jicho lenyewe, wakakuta kwamba jicho huyajibu mapigo yapitayo mia kwa sekunde, ingawa mwenye jicho hatambui kitu. Basi tangu hapo hakuna haki ya kumwambia mtu kwamba ni mawazo tu.

Juu ya vioo vya kompyuta za kwanza, zile nzito zenye mgongo mkubwa, tuseme kwa kifupi. Navyo vilipigapiga, mara 60 au 70 kwa sekunde, na nchi ya Sweden ilitangulia kuviwekea masharti, ambayo yalikwenda mbali katika miaka ya 1990. Vilipokuja vioo vyembamba, watu walidhani shida imekwisha.

Hapa tuweke alama moja, wasomaji wasichanganye mambo. Huko Japani, tarehe 16 Desemba 1997, watoto wapatao 685 walipelekwa hospitalini baada ya kutazama filamu ya katuni ya Pokémon katika televisheni. Ndani yake mlikuwa na miali myekundu na ya buluu iliyopokezana mara 12 hivi kwa sekunde. Hiyo ni miali ionekanayo wazi kwa macho, na inaweza kuamsha degedege kwa mwenye mwelekeo wa kifafa. Mapigo ya simu ni ya upesi zaidi, hayaonekani, na tabu yake ni kichwa, macho na kichefuchefu. Mzazi asiogope kwamba simu itamtia mtoto kifafa kwa sababu ya mapigo hayo.

Sasa tufike kwenye simu. Kuna vioo vya namna mbili. Namna ya kwanza, inayotumika sana katika simu za bei ndogo, ina taa nyuma ya kioo, na mara nyingi taa hiyo hupunguzwa kwa kupunguza umeme tu, au kwa mapigo ya upesi sana. Namna ya pili huitwa OLED: kila nukta ya kioo hujiwakia yenyewe. Rangi zake ni nzuri mno, na weusi wake ni weusi kweli. Kampuni ya Samsung iliieneza tangu mwaka 2010 kwa simu za Galaxy S, na Apple ikaifuata mwaka 2017 kwa iPhone X. Lakini nukta hizo, zikipewa umeme mdogo mno, rangi zake hazilingani. Kwa hiyo mafundi walichagua njia nyingine. Fikiri mtu anayetaka nusu ya mwangaza nyumbani mwake, naye badala ya kuvuta pazia anafungua na kufunga dirisha upesi upesi. Akitaka mwangaza mdogo zaidi, dirisha hukaa limefungwa kuliko lilivyo wazi. Simu nyingi za namna hiyo hufungua na kufunga dirisha lao mara 240 hivi kwa sekunde.

Ndiyo maana simu ya bei kubwa yaweza kumuumiza mtu kuliko ya bei ndogo. Na ndiyo maana maumivu huja usiku: mwangaza ukipunguzwa ndipo giza la katikati linapokuwa refu. Mwaka 2015 chama cha wahandisi cha IEEE kilitoa mwongozo juu ya taa za LED. Kwa hesabu yake, taa inayozimika kabisa kati ya pigo na pigo yafaa ipige zaidi ya mara 1250 kwa sekunde ndipo hatari iwe ndogo. Na ipite 3000 ndipo isidhuru. Mwongozo huo uliandikwa kwa taa za nyumba, haukuandikwa kwa simu, lakini msomaji aweza kulinganisha mwenyewe 240 na 1250.

Na sisi wa Beni na Butembo twasoma simu lini, kama si usiku? Tangu Oktoba 2014, yalipoanza mauaji ya Beni, simu imekuwa mlinzi wa mlango. Watu hulala nayo chini ya mto. Habari ya Oicha au ya Mbau ikifika saa nane za usiku, baba hufungua simu na kushusha mwangaza mpaka chini kabisa, asiwaamshe watoto, tena nuru isionekane nje. Husoma, huuliza ndugu, hungoja jibu, husoma tena. Hakuna namna ya kutumia kioo cha OLED iliyo mbaya kwa kichwa kuliko hiyo. Lakini nani angemlaumu? Asubuhi kichwa kinagonga, na si rahisi kusema kama ni simu, au kukosa usingizi, au hofu yenyewe. Mara nyingi ni vyote vitatu.

Mkoa wetu unayo sehemu yake ndani ya simu hizo. Koltani ya Rubaya, katika Masisi, hutoa madini ya tantalo, nayo hufanywa kapasita: kitu kidogo kama punje ya mchele, ambacho hutunza umeme na kuutoa sawasawa. Umeme uliotulia ndani ya simu hutoka kwetu. Kisha kioo huwashwa na kuzimwa makusudi. Twaliona jambo hilo kuwa la kuchekesha kidogo, ingawa historia ya koltani haichekeshi.

Tulisema juu ya malaria. Katika mji wa Ulaya mtu akiumwa kichwa aweza kuanza kuishuku simu. Huku kwetu haifai kuanza hivyo. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ulioanzia Mangina na kuishika Beni na Butembo hata Juni 2020, ulihesabiwa wagonjwa 3470, na kati yao 2287 walikufa. Dalili zake za kwanza zilikuwa homa, uchovu na kichwa kuuma, sawa na malaria. Basi kichwa chenye homa si cha simu kamwe. Ni cha kupelekwa kwa mganga siku ile ile. Kichwa cha simu hakina homa, huja wakati wa kusoma au punde baadaye, na hupungua simu ikiwekwa kando siku mbili tatu. Wenye kipandauso huumizwa upesi kuliko wengine. Wengine hawaoni tabu yoyote, na hao ndio wachekao.

Kuipima simu si kazi ngumu. Ingia chumbani penye giza, shusha mwangaza wa kioo, ufungue ukurasa mweupe, kisha tikisa kalamu upesi mbele yake. Ukiona kivuli kimoja kilichokokotwa kama ukungu, mwangaza umetulia au mapigo yake ni ya upesi sana. Ukiona kalamu nyingi zilizopangwa kama vidole, kila moja peke yake, simu hiyo hupiga polepole. Hata taa ya LED ya bei rahisi yaweza kupimwa hivyo.

Mwenye simu ya namna hiyo asiitupe. Apandishe mwangaza wa kioo kupita nusu, awashe na taa chumbani, kama umeme upo. Akitaka kioo kiwe hafifu, zipo programu zinazotandaza kivuli juu ya picha bila kuyagusa mapigo yenyewe. Mwaka 2019 makampuni ya China, kama Xiaomi na OnePlus, yalianza kuweka katika simu kadhaa za OLED njia ya kupunguza mwangaza kwa umeme, pasipo kufunga dirisha. Miaka michache baadaye zikaja simu zinazopiga mara 1920 na zaidi: ni ile dawa ya mapanga matatu ya sinema. Na mwaka 2025 Apple waliweka ndani ya iPhone 17 kitufe cha kutuliza mapigo ya kioo, baada ya wateja kulalamika miaka minane. Katika maduka ya Butembo idadi ya mapigo haiandikwi juu ya boksi la simu, wala muuzaji haijui. Kwa hiyo mnunuzi aende na kalamu yake.