Kadi ya sauti: kutoka michezo ya kompyuta hadi studio ya chumbani

Swali ninaloulizwa mara kwa mara ni hili: nikitaka kurekodi nyumbani, ninunue kadi gani ya sauti? Kabla sijajibu, turudi nyuma kidogo, maana historia ya kifaa hiki ndiyo inayoeleza makosa tunayofanya dukani.

Kompyuta ya IBM ya mwaka wa 1981 ilijua kulia "pip" tu. Mwaka wa 1987 ikaja kadi ya AdLib kutoka Kanada. Ilicheza muziki, lakini haikurekodi. Sound Blaster ya 1989, kutoka kampuni ya Creative ya Singapore, ikaleta tundu la maiki. Ilipima sauti kwa biti 8, yaani ngazi 256 pekee. Sound Blaster 16 ya 1992 ikafika biti 16, ngazi 65,536, sawa na CD.

Lakini wanunuzi wakubwa wa kadi hizo walikuwa wacheza michezo. Maiki ilikuwa nyongeza. Hata Sound Blaster Live! ya 1998, iliyopendwa sana, ndani yake ilifanya kazi kwa sampuli 48,000 kwa sekunde. CD hutumia 44,100, kwa hiyo kadi iliigeuza sauti yako bila kukuuliza.

Mwaka wa 1997 njia ziligawanyika. Steinberg ya Ujerumani ilitoa ASIO, inayoiwezesha programu kuongea na kadi moja kwa moja ili mwimbaji asijisikie kwa kuchelewa kwenye hedifoni. Mwaka huo huo Intel ikaleta AC'97, na sauti ikaanza kuwekwa kwenye madabodi kwa bei nafuu. Wenye studio walifuata njia ya kwanza. Sisi wengine tulipata ya pili, imo tayari ndani ya kompyuta za mitumba.

Mjomba wangu alikuwa mmoja wetu. Mwaka wa 2006, katika chumba chake Kitengela, alirekodi kwaya kutoka Kajiado kwa tundu la maiki la madabodi. Nyanya aliyeongoza nyimbo kwa Kimaasai alifariki miaka michache baadaye, na rekodi nyingine yake hatuna.

Kwa muda mrefu nilidhani mvumo uliomo ni upepo wa Kitengela. Siku moja nikaipitisha rekodi kwenye programu ya kuchora masafa, nikaona mstari ulionyooka kwenye mizunguko 50 kwa sekunde. Huo ni umeme wetu wa Kenya! Juu yake kulikuwa na mchakacho wa kompyuta yenyewe. Mvumo niliupunguza. Mchakacho nilipoubana, sauti ya nyanya nayo ikaanza kukwaruza, nikauacha.

Basi jibu langu ni hili. Kwanza tazama tundu: liwe la XLR, lile la pini tatu, lenye volti 48 kwa maiki za kondensa, na kifaa kikae nje ya kompyuta. Focusrite Scarlett 2i2, iliyoanza kuuzwa 2011, ni mfano mzuri, hata ya mitumba. Pili, kama unatumia Windows, hakikisha ina ASIO yake. Namba kubwa zilizoandikwa kwenye boksi, 24 kwa 192, zitazame mwisho.

Na kabla ya kumwita mwimbaji, rekodi kimya cha dakika moja, kisha ukisikilize. Kelele ikishaingia pamoja na sauti, haitoki peke yake.