Gari Lililodhani Bado Liko Nagoya

Kila alfajiri mjomba alipowasha gari, sauti ya mwanamke ilimsemesha kwa Kijapani, naye aliijibu: "Marahaba, mwanangu." Aliamini kwamba mtu anayekusemesha kwa upole namna ile kabla hata jua halijatoka lazima awe anakuamkia.

Siku moja nilimpandisha mwanafunzi mwenzangu aliyewahi kusoma Kijapani. Alisikiliza, akacheka. Sauti ile haikuwa inaamkia mtu. Ilikuwa inakumbusha kwamba kadi ya kulipia barabara haijachomekwa. Kadi yenyewe ilibaki Japani pamoja na mwenye gari wa kwanza.

Rafiki yangu akaitazama skrini iliyo katikati ya dashibodi, palipokuwa na ramani ambayo sisi tuliizoea kama pambo. Akasoma majina mawili matatu. "Hapa ni Nagoya," akasema. Tulikuwa Sinza. Tulipotoka kwenda barabara ya Shekilango, tuliona kitu ambacho mjomba alikuwa anakiona kila siku bila kukitilia maanani: tukikata kulia, mshale kwenye skrini nao unakata kulia, huko huko Nagoya. Tukisimama kwenye foleni, nao unasimama. Gari lilikuwa Dar es Salaam, lakini moyoni mwake lilikuwa linatembea mtaani kwao.

Mjomba aliendesha malori kwa zaidi ya miaka 20. Alipita Tunduma, akavuka Zambia hadi Lubumbashi, tena zamani, ambapo dereva akipotea anauliza, na akikosa wa kumuuliza anasubiri kukuche. Alipochoka na safari ndefu alichukua mkopo, akanunua Toyota iliyotumika, akaanza kubeba abiria wanaoita gari kwa simu. Hapo ndipo ujuzi wake ulipoanza kuwa tatizo. Abiria wa siku hizi ameshaona njia kwenye simu yake kabla hujafika. Ukipita kwingine anadhani unamzungusha ili ulipwe zaidi. Akishuka anakupa nyota moja.

Jioni moja akaja na swali. "Wewe ndiye msomi wa nyumba hii," akasema. "Fundi wa Gerezani ananiambia nitoe hii TV ya Kijapani, aniwekee redio kubwa ya Android yenye ramani ya hapa. Vijana kituoni wanasema ni kupoteza hela, nitumie simu tu. Simu yenyewe maandishi yake siyaoni vizuri. Nifanye nini?"

Nilikuwa naandika tasnifu ya uzamili katika historia, na swali lile nililiona dogo. Sikuuliza hata fundi anataka shilingi ngapi. Nilichukua simu yake, nikapakua programu moja ya ramani, nikamwekea. "Tumia hii, mjomba. Na inaposema kata, wewe kata. Mambo ya kukariri njia yamepitwa na wakati."

Alinyamaza kidogo. "Haya, mwanangu," akasema.

Masika yakaanza. Usiku mmoja wa Aprili, mvua ikinyesha tangu mchana, alimchukua abiria Mabibo anayekwenda Ilala. Yeye alitaka kushika Barabara ya Mandela hadi Buguruni, kisha aingilie Ilala kwa Barabara ya Uhuru. Ni mzunguko, lakini njia iko juu. Simu ikaonyesha njia fupi ya kushuka bondeni, upande wa Kigogo. Abiria akauliza, kwa adabu kabisa, "Baba, mbona simu inasema tupite huku?" Wiki ile mjomba alikuwa ameshapewa nyota moja. Akashuka bondeni.

Nilimpigia saa nne usiku kumuuliza yuko wapi.

"Niko pale simu yako iliponileta," akanijibu.

Maji yaliingia kwenye injini. Abiria alivua viatu na mjomba akamshika mkono hadi pakavu. Gari lilikaa gereji wiki tatu, na kwa wiki hizo marejesho ya mkopo hayakuwa na mahali pa kutoka. Mjomba hakunilaumu hata mara moja. Shangazi, ambaye ni mke wake, naye hakusema kitu, ila alikuwa akiniwekea chakula mezani na kuondoka.

Kwa aibu hiyo ndipo nilipolirudia swali la mjomba na kulisoma kama mwanahistoria anavyotakiwa kusoma jambo lolote, yaani kwa kuanza mwanzo.

Mwaka 1981 kampuni ya Honda ilitoa nchini Japani kifaa kilichoitwa Electro Gyrocator. Hakikutumia setilaiti hata moja. Kilikuwa na kihisio cha gesi kilichotambua gari linapogeuka, na kingine kilichohesabu umbali uliokwenda. Kwa hesabu hizo mbili kilionyesha nukta ya mwanga kwenye skrini ndogo. Ramani ilikuwa karatasi ya plastiki inayopenya mwanga. Dereva aliichomeka mbele ya skrini kwa mkono wake, akaiweka nukta mahali alipo, na alipofika ukingoni mwa karatasi akachomeka nyingine. Mwaka 1985, huko California, kampuni ya Etak iliuza kifaa kilichohifadhi ramani kwenye kanda za kaseti, kama zile za muziki. Jina Etak lilitokana na elimu ya mabaharia wa visiwa vya Pasifiki, ambao husafiri kana kwamba mtumbwi umetulia na visiwa ndivyo vinavyosogea. Kwenye skrini ya Etak ilikuwa vivyo hivyo: gari lilikaa katikati, na mji ndio uliozunguka.

Niliposoma hayo nilimwelewa mshale wa Nagoya. Gari la mjomba lilikuwa linafanya kazi ya wazee wake wa 1981. Lilipokosa setilaiti, lilihesabu magurudumu na kona, likaamini ramani liliyonayo.

Kwa nini Japani ilitangulia? Sehemu ya jibu iko kwenye anwani. Huko mitaa mingi haina majina. Anwani huhesabu eneo, kisha kitalu, kisha nyumba, na mgeni hata akiwa na anwani mkononi anaweza kuzunguka saa nzima. Sisi wa Dar hatuhitaji kufafanuliwa hilo. Kabla ya vibao vya operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, wengi wetu tulielekezana kwa mwembe, duka la Mpemba na nyumba ya mjumbe. Tofauti ni kwamba Japani kulikuwa na viwanda vya magari na wanunuzi wenye fedha ya kulipia dawa ya tatizo hilo. Mwaka 1987 Toyota waliweka kwenye Crown ramani ya rangi iliyosomwa kutoka CD. Mwaka 1990 Mazda wakatoa Eunos Cosmo, gari lenye ramani ya kiwandani iliyotumia setilaiti za GPS. Kwa hiyo ramani ilizaliwa ndani ya gari, ikiwa ni mali ya gari, na ilikusudiwa kwa barabara za nchi ambako gari lilitarajiwa kuzeekea. Hakuna mhandisi aliyewaza kwamba gari litahama na kuanza maisha mapya Sinza.

Halafu ramani ikatoka ndani ya gari. Hadi mwaka 2000 jeshi la Marekani, ambalo ndilo mmiliki wa setilaiti za GPS, lilikuwa linapunguza kwa makusudi usahihi wa mawimbi waliyopewa raia, kiasi kwamba kifaa kingeweza kukosea kwa mita 100 hivi. Mei 2000 Rais Bill Clinton aliamuru hilo likome, na kuanzia hapo kifaa cha bei nafuu kiliweza kujua uko barabara gani. Vikaja vifaa vya kubebeka vya Garmin na TomTom, vya kubandikwa kwenye kioo cha mbele na kuhamishwa kutoka gari hadi gari. Huko Ulaya wezi walijifunza kutafuta alama ya duara inayobaki kwenye kioo, na polisi wa Uingereza wakawashauri madereva waifute. Kisha, Oktoba 2009, Google walitangaza programu ya kuongoza njia kwa sauti, ya bure, ndani ya simu. Siku hiyo hiyo bei ya hisa za Garmin na TomTom zilianguka. Tangu 2014 watengenezaji wa simu wamekuwa wakirudisha ramani ya simu kwenye skrini ya gari, na wapo watengenezaji wa magari wanaokataa: General Motors walitangaza mwaka 2023 kwamba magari yao mapya ya umeme yataacha kupokea skrini ya simu. Kumbe swali la mjomba lilikuwa na watu wazito nyuma yake. Kioo kilicho mbele ya dereva kina wagombea wengi.

Lakini nilichojifunza zaidi nilikipata gereji. Fundi alipokuwa anakausha nyaya za gari, alikuta waya wa antena ya GPS umechomoka, pengine zamani, kabla gari halijapanda meli. Akauchomeka. Skrini ikafikiri kidogo, kisha Nagoya ikapotea. Tukaona mshale umesimama katikati ya uwanja mtupu, hakuna barabara wala jina.

Mjomba aliinama kuangalia. "Limeharibika?"

Halikuharibika. Kwa mara ya kwanza tangu lifike nchini, gari lilijua hasa liko wapi duniani. Lilichokosa ni mtu wa kuliambia pana nini hapo. Setilaiti hukupa mahali tu. Ramani ni kazi ya watu waliopita wakaandika.

Na hapa kwetu watu hao wapo. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walishirikiana na wakazi kuchora Tandale, wakitembea kichochoro kwa kichochoro na vifaa vya GPS mkononi, wakiingiza kila kitu kwenye OpenStreetMap, ramani ya wazi ambayo mtu yeyote anaweza kuisahihisha. Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria, ambapo wanafunzi wa vyuo vikuu na wananchi walichora kata za Dar es Salaam zinazokumbwa na mafuriko. Walichora mitaro, madaraja na nyumba. Waliwauliza wazee wa mitaa maji huwa yanafika wapi, nao wazee wakaonyesha kwa kidole.

Hapo nikajiona mjinga. Maji ya bonde la Msimbazi si siri. Yameshapimwa, na wengine wa rika langu waliyakanyaga kwa miguu ili wayaandike. Ujuzi huo ulikuwepo kwenye ramani za watu na kichwani mwa mjomba. Haukuwepo kwenye ile hesabu ya njia fupi iliyofanywa na simu usiku ule, na mimi nilimwambia dereva mwenye ujuzi aitii hesabu hiyo. Nilidhani ninamsaidia achague kati ya kifaa cha zamani na kipya. Kumbe nilimtaka aache kifaa cha tatu, ambacho ndicho pekee kilichokuwa kinajua kwamba maji yako pale.

Ningekuwa najibu leo, ningeanza kwa kumuuliza mjomba ramani hiyo ilisahihishwa lini mara ya mwisho, na nani. Ramani ya ndani ya gari ina skrini kubwa, haili bando, na haizimiki chaji ikiisha. Lakini inazeeka pamoja na gari, na ya gari la mtumba ilizeekea ugenini. Barabara ya juu ya Kijazi pale Ubungo ilifunguliwa mwaka 2021, na hakuna diski ya Kijapani itakayoijua. Ya simu inajisahihisha, na inaona foleni kwa sababu simu za walio mbele yako zinaitolea taarifa. Lakini inadai bando, inachosha macho ya mtu mzima, na kasi yake inakufanya usahau kuuliza. Redio ya Android aliyoitaka fundi ni simu yenye kioo kikubwa. Faida yake ni macho tu.

Mjomba aliamua mwenyewe. Skrini ya Kijapani hakuitoa, kwa sababu kamera ya kurudi nyuma inaonyesha hapo, na kuifunga upya ni gharama. Alinunua kishikio cha simu, akakifunga karibu na usukani, usawa wa macho. Kisha akaenda kupimwa macho na kununua miwani, hatua ambayo msomi wa nyumba hii hakuifikiria. Mvua ikinyesha, kabla ya kushuka bonde lolote anasimama kwenye kijiwe cha bodaboda na kuuliza kama kunapitika. Abiria akinung'unika, anamwambia gari hili limeshazama mara moja.

Jumapili moja mwezi Juni alinichukua tuzunguke. Alinionyesha kila mahali maji yanapokata barabara kuanzia Kigogo hadi Tandale, nami niliandika kwenye daftari. Mahali pengine alisimama akasema maji yakifika ile ngazi ya duka, geuza. Tulihesabu sehemu 14. Usiku ule nilifungua ramani ya wazi nikaanza kuziingiza moja moja. Tatu nilizikuta zimeshaandikwa na mtu mwingine.

Nilipofika ya tisa sikukumbuka ngazi ilikuwa ya duka lipi. Nikampigia mjomba kumuuliza.