MASTAA WASIO NA MAJINA WA NJIA YA TABORA

Ukifika Kwihara, nje kidogo ya Tabora mjini, utaoneshwa tembe ya udongo. Ndipo alipokaa Livingstone mwaka 1872, na sasa ni makumbusho yenye jina lake. Sawa. Ila mizigo yake ilifikaje pale? Reli yenyewe imefika Tabora mwaka 1912, miaka 40 baadaye!

Jibu ni wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Kila mtu na kilo zake 30 hivi, begani au kichwani, kutoka pwani hadi Tabora, enzi hizo ikiitwa Kazeh. Burton na Speke walitumia zaidi ya miezi 4 kufika hapo Novemba 1857. Kwa kijana wa Unyamwezi, kwenda pwani ndiyo ilikuwa kuwa mwanaume. Ambaye hajawahi kwenda alichekwa na wenzake.

Na jamaa walikuwa na swaga, usicheze. Mbele ya msafara alitangulia kirangozi: nguo nyekundu, manyoya kichwani, bendera nyekundu mkononi. Nyuma yake ngoma, baragumu, njuga zinalia miguuni. Yaani msafara unaingia kijijini kama shoo, watoto wote nje. Hata malipo yalikuwa ya kuvaa: vitindi, shanga, na merikani, nguo iliyopata jina hilo kwa sababu ilitoka viwanda vya Marekani. Kulikuwa na shanga nyekundu, samesame, zilizopachikwa jina la "kumaliza chakula", maana mtu alikuwa radhi kulala njaa ili azipate. Wenye simu za mkopo mnaelewa.

Sasa sikia hii. Mwaka 1873 Livingstone alifariki huko ambako leo ni Zambia. Kundi lake, karibu watu 60, wanawake wakiwemo, likaubeba mwili wake kurudi pwani kwa miguu. Walipofika Kwihara wakamkuta Mwingereza Cameron, akawashauri wauzike palepale. Wakagoma! Hakuna bosi aliyewatuma, bosi mwenyewe ndiyo maiti waliyoibeba. Februari 1874 wakaufikisha Bagamoyo, na baadaye ukazikwa Westminster Abbey, London, kwa heshima zote.

Susi na Chuma, waliowaongoza, walipelekwa Uingereza na majina yao yakaandikwa vitabuni. Wale wengine wengi waliopokezana mzigo ule kwa miezi 9 walilipwa ujira wao, wakatawanyika.