Tumbaku ya Kala, Kisanduku Chetu cha Kwanza



Mara nyingi tunaulizwa chama hiki kilianza na franka ngapi. Jibu ni tumbaku, na tunaiandika sasa kwa sababu bazee walioikunja wanapungua.

Vita vilianza mwezi wa 8, 1998. Pweto ilipoanguka mwezi wa 12, 2000, wengi wetu tulivuka kwenda Zambia, tukafikia kambi ya Kala, upande wa Kawambwa. Wengine walikaa Mwange. PAM ilitoa unga, maharagwe, mafuta na chumvi. Tumbaku, ile Wabemba wanaita fwaka, hapana. Tukalima. Mbegu hazikuwa shida: gramu moja ina mbegu 10,000 na zaidi, zinaingia katika kifundo cha kikwembe.

Kazi yenyewe ilitaka subira. Majani ya chini yanaiva kwanza. Yakianza kuwa manjano unayachuma, unayatundika kivulini chini ya paa, wiki nyingi, mpaka yawe kahawia. Kisha unayafunga pamoja yapate joto, yatoe jasho. Mwenye haraka alivuta moshi wa kuchoma koo. Karatasi ilikuwa haba, njo maana tulikunja jani juu ya jani. Jani zima lisilo na tundu unaliondoa mshipa wa katikati, unalilowesha kidogo: hiyo njo nguo ya nje. Ndani yanaingia mabaki, vile vipande vilivyovunjika na kufagiwa chini ya kamba. Mwisho unagundisha kwa uji. (Unga ulikuwa wa PAM, watusamehe.)

Mtu akifiwa, kila nyumba ilileta sigara mbili ao tatu. Bamama waliziuza kambini, wakanunua sabuni na kitambaa cha kuzikia. Ilikuwa likelemba ya msiba, bila noti hata moja. Kuna wafadhili watakaokunja uso, na wana haki. Moshi huo umewamaliza wenzetu kwa kifua, na leo chama hakipokei tumbaku. Lakini karatasi za kambi zinahesabu paka vile tulivyopewa. Hii tulijipa wenyewe.

Kurudi kulianza 2007, kwa mashua toka Mpulungu mpaka Moba, ao kwa lori mpaka Pweto. Baadhi yetu tukashuka Lubumbashi. Daftari letu la kwanza la huku, kwenye ukurasa wa msiba, lina safu mbili: franka na majani.