Wahaiti Katika Kambi ya Guantánamo, 1991–1993

Mtume Paulo alipofungwa Kaisaria, liwali Feliki, ingawa alitumaini kupewa fedha, aliagiza rafiki zake wasikatazwe kumhudumia (Mdo. 24:23). Twalikumbuka jambo hilo tusomapo habari za Wahaiti. Rais Jean-Bertrand Aristide alipopinduliwa mwaka 1991, maelfu walikimbia kwa mashua. Marekani iliwakamata baharini, ikawapeleka Guantánamo, kituo cha jeshi lake la majini katika ardhi iliyoikodi kwa Kuba tangu 1903. Serikali ilidai kwamba katiba yake haiwalindi wageni waliowekwa huko. Hivyo zaidi ya 200, ambao hofu yao ya kurudi kwao ilikwisha kukubaliwa kuwa ya haki, walizuiliwa kwa sababu ya virusi vya UKIMWI, pamoja na jamaa zao. Mawakili walikatazwa kuwaona, hata ikawalazimu kwenda mahakamani. Mwanzoni mwa 1993 wafungwa hao (hatuoni neno jingine linalowafaa) waligoma kula. Mwezi Juni Jaji Sterling Johnson akaamuru waachiliwe, nao wakaachiliwa. Baadaye hukumu yake ilifutwa kwa mapatano, na mwaka 1994 kambi ikajaa tena.